Ukimpa Mwenzako Albamu, Mpe na Jina Lake

Mwezi huu katika ukurasa huu hatuzungumzi habari ya mgawo wala ya chanjo. Tunazungumza habari ya muziki. Tena si muziki wa kucheza tu, ila namna tunavyopeana muziki sisi kwa sisi: rafiki kwa rafiki, jirani kwa jirani, mzazi kwa mtoto.

Najua wengine watasema, "Mwalimu, watu hawana kuni, wewe unatuletea habari za nyimbo?" Nawaelewa. Lakini hebu tuulizane. Tulipokimbia tulibeba nini? Mtoto mgongoni, sufuria, nguo chache, godoro kama bahati ilikuwepo. Sijasikia mtu aliyebeba sanduku la kaseti. Sanduku lilibaki nyumbani na sijui leo liko kwa nani. Nyimbo tulizokuja nazo zilikuja kichwani. Na kitu cha kichwani kina shida moja: mwenyewe akinyamaza, au akitutoka, kinakwenda naye.

ALBAMU NI KITU GANI?

Tuanze hapa, maana watoto wa darasani kwangu wanadhani kila wimbo ni albamu. Albamu ni mkusanyo wa nyimbo ambao mwimbaji mwenyewe, au bendi yake, ameupanga na kuupa jina. Kuna wimbo wa kufungua, kuna wa katikati, kuna wa kufunga. Ni kama chakula cha mgeni: maji ya kunawa yana wakati wake, na matunda yana wakati wake.

Wazee wetu walizijua albamu kwa sahani kubwa za santuri. Hizo sahani za kuzunguka polepole, mara 33 na kitu kwa dakika, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Upande mmoja ulichukua dakika ishirini na zaidi kidogo, halafu unageuza. Ndiyo maana mpaka leo mzee akisikia wimbo anauliza, "Huo ni wa upande gani?" Wakongo walikuwa na nyimbo ndefu, kwa hiyo albamu ya miaka ya 1980 inaweza kuwa na nyimbo nne au tano tu, na bado umeshiba.

Kulikuwa pia na sahani ndogo ambazo kila upande ulibeba dakika chache. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Ukiwa na haraka ya kucheza, unaanzia nyuma!

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ile ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande. CD ikafika madukani mwaka 1982. Siku hizi tuna simu, kadi ndogo ya memori, flashi, Bluetooth na WhatsApp. Vyombo vimebadilika, lakini albamu ni ileile.

KADI ISIYO NA MAJINA

Sasa angalia namna tunavyopata muziki leo. Unakwenda sokoni, Koboko au Arua, kwa kijana mwenye kompyuta. Unampa kadi yako na shilingi kidogo, unamwambia, "Nijazie Lingala." Anajaza. Unarudi nyumbani na nyimbo mia tatu. Ukifungua simu unaona nini? "Track 01." "Track 01" nyingine. "Track 07." "Msanii hajulikani." Nyimbo tatu za albamu hii, mbili za ile, moja imekatwa katikati, na nyingine mwanzoni kuna sauti ya mtu anayetangaza duka lake.

Huyo kijana simlaumu. Yeye anauza kwa wingi, na mteja ndiye aliyesema "nijazie". Lakini matokeo yake ni kwamba tuna watoto wanaojua kucheza wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ukiwauliza nani ameimba, wanasema, "Ni ya kwenye simu ya kaka."

Je, kuna ubaya gani? Mtoto si anafurahi tu? Nitawaeleza jambo lililotokea katika mtaa wetu, kwa ruhusa ya wenyewe, bila kutaja majina.

MAMA, FUNDI NA WIMBO

Kuna mama mmoja ametoka upande wa Aru, kule Kongo. Mume wake alifariki kabla hawajavuka. Alikuwa mtu wa kaseti. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga kaseti moja, ileile, na watoto wakiwa wadogo walilala nayo. Walipokimbia, kaseti ilibaki. Picha za baba pia zilibaki, zote.

Watoto sasa wamekua. Yule wa kwanza akaanza kumuuliza mama, "Ile nyimbo ya papa ilikuwa gani?" Mama hakujua jina. Hakujua mwimbaji pia, maana kava ya kaseti ilikuwa imepotea zamani. Alikuwa nayo kichwani tu, sauti bila maneno. Kijana akaenda kujaza kadi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara mama anasikiliza nyimbo zote, halafu anatikisa kichwa.

Siku moja mama alipeleka sare ya shule kwa fundi cherehani. Huyu fundi ni mtu wa Yei, Sudan Kusini. Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha Juba, lakini mnaelewana. Mama amekaa anangoja, huku anaimba kwa pua bila kujijua. Fundi akasimamisha mguu kwenye cherehani.

"Mama, hiyo umetoa wapi?"

"Ni wimbo wa mume wangu. Fundi, unaujua?"

"Huyo ni Papa Wemba, mama. Baba yangu alikuwa nayo Yei. Albamu inaitwa *Emotion*."

Jioni kijana akaenda sokoni. Safari hii hakusema "nijazie". Alisema, "Nitafutie albamu ya Papa Wemba, *Emotion*, ya mwaka 1995, yote, kwa mpangilio wake." Ikapatikana. Sitaeleza yaliyokuwa katika nyumba ile usiku huo, ni mambo yao. Nitasema tu kwamba watoto walisikiliza mpaka mwisho, na asubuhi yule mdogo kabisa, ambaye hamkumbuki baba yake hata sura, alikuja shule anaimba.

Ndugu wasomaji, si mnaona? Wimbo ulikuwepo sokoni miaka yote. Kilichokosekana ni jina. Na jina lilikuwa kwa jirani, mtu wa nchi nyingine na lugha nyingine, nyumba kumi kutoka hapo.

MUZIKI HAUKUANZA LEO KUVUKA MPAKA

Msishangae kwamba mtu wa Yei anamjua Papa Wemba. Pande hizi zetu ni njia panda. Koboko iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Watu wamevuka kwenda sokoni, kwenda kuoa, na kwenda kukimbia.

Hata wenyeji wetu wa West Nile wamewahi kuwa wakimbizi. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa huku walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi wakakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi. Ndiyo maana ukimkuta mzee wa Arua au Koboko anajua Lingala, usifikiri alisoma darasani. Muulize tu alikuwa wapi mwaka 1982, na alikuwa anasikiliza nini. Mtakaa mpaka chai ipoe.

Waimbaji wenyewe pia walivuka. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, kule Kongo karibu na bahari. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Kampala na bendi ya Les Kinois, halafu wakaenda Nairobi, ambapo aliunda Orchestra Virunga mwaka 1981. Anaimba Lingala na Kiswahili safi. Albamu yake *Virunga Volcano*, iliyotoka mwaka 1990, ni nzuri kwa nyumba yenye watu wa lugha tofauti, maana kila mtu anapata neno lake.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 2010. Albamu yake *Songs for the Poor Man* ya mwaka 1989 ilirekodiwa Uingereza, lakini ndani yake kuna Kiswahili cha mtu wa kawaida, mtu asiye na kitu. Mkongo aliyeimba kwa Kiswahili mpaka Watanzania wakamwita wao!

Na Mganda mmoja tusimsahau: Geoffrey Oryema. Baba yake alikuwa waziri, akauawa Februari 1977 wakati wa Amin. Kijana akavushwa mpaka kwenda Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari, na baadaye akafika Ufaransa. Mwaka 1990 alitoa albamu inayoitwa *Exile*, jina ambalo maana yake ni maisha ya mtu aliyelazimika kuiacha nchi yake. Aliimba Kiacholi na Kiswahili. Alifariki Ufaransa mwaka 2018. Ukimpa rafiki albamu hii, mwambie na hiyo habari ya buti ya gari. Atasikiliza kwa sikio lingine kabisa.

KUPANDA NGAZI PAMOJA NA MTOTO

Wazazi wengi wananiambia, "Mwalimu, watoto wa siku hizi hawataki muziki wetu." Mimi nina miaka ishirini na kitu, niko katikati, naona pande zote mbili. Nafikiri shida ni kwamba tunawarusha mbali mno kwa mara moja. Mtoto anayempenda Fally Ipupa ukimwekea Franco ghafla, ataona ni muziki wa msibani. Mpandishe ngazi, hatua moja moja.

Hatua ya kwanza, chukua albamu yake mwenyewe. Fally alitoa *Droit Chemin* mwaka 2006. Isikilizeni pamoja.

Hatua ya pili, mwambie: "Unajua Fally alikuwa kwa nani?" Alikuwa katika Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomidé. Koffi amezaliwa Kisangani mwaka 1956. Mpe *Loi* ya mwaka 1997, au *Noblesse Oblige* ya mwaka 1993.

Hatua ya tatu: "Na Koffi alitoka wapi?" Koffi alianza kwa kumwandikia nyimbo Papa Wemba na bendi yake ya Viva La Musica, iliyoanzishwa mwaka 1977. Hapo mpe *Emotion*. Mwambie pia kwamba Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, akiwa anaimba, akafariki.

Hatua ya nne: kabla ya hapo Papa Wemba alikuwa kijana wa Zaiko Langa Langa, bendi ya vijana wa Kinshasa iliyoanza Desemba 1969. Hawa ndio walioachana na tarumbeta wakaachia gitaa na ngoma zikimbie.

Hatua ya tano ndiyo mnafika kwa Franco na OK Jazz yake iliyoanza mwaka 1956. Mpe *Mario* ya mwaka 1985, ile habari ya kijana anayekula pesa za mama mtu mzima. Madilu System anaimba, Franco anazungumza kama mzee wa kijiji. Mtoto atacheka, na wewe umepata somo la jioni bila fimbo.

Kila hatua ina jina na mwaka. Bila majina huwezi kupanda, maana hujui umesimama wapi. Na wazazi, ngazi ina kupanda na kushuka. Mtoto naye ana haki ya kusema, "Papa, leo ni zamu yangu, sikiliza hii." Ukae, usikilize mpaka mwisho, usiseme "kelele" kabla ya wimbo wa pili.

NAMNA YA KUMPENDEKEZEA MTU ALBAMU

Katika kikundi chetu cha marafiki tuko saba: Wakongo wanne, Wasudan Kusini wawili, na mwenyeji mmoja wa Koboko. Kila mwisho wa wiki mbili mmoja anawaletea wenzake albamu moja. Tumejifunza mambo haya:

1. Mjue mtu wako kwanza. Muulize anapenda nini na kwa nini. Mtu wa kwaya usimwanzishe na muziki wa baa. Mtu aliye msibani mwache kwanza, au muulize anataka kusikia nini.

2. Mpe albamu moja, si kumi. Ukimpa kumi hatasikiliza hata moja. Moja ataimaliza, na mtakuwa na la kuzungumza.

3. Toa sababu kwa maneno yako. "Ni kali sana" haitoshi, kila kitu siku hizi ni kali. Sema, "Sikiliza gitaa la pili linavyoingia baada ya maneno kwisha," au "Huyu mama anaimba kama anaongea na dada yake." Mtu anafuata sababu.

4. Mwonyeshe mlango. Si lazima aanzie wimbo wa kwanza. Mwambie, "Anza na wa tatu, halafu rudi mwanzo." Lakini mwisho wa yote asikilize yote kwa mpangilio, angalau mara moja.

5. Mruhusu akatae. Hili ni gumu, bwana! Unampa mtu kitu cha moyo wako, anarudisha anasema hakimwingii. Usinune. Muulize nini hakikumwingia. Mara nyingi hapo ndipo utajua albamu gani umletee mara nyingine.

6. Rudisha siku mliyopatana. Kadi ya mtu ni kama jembe la mtu. Usiipitishe kwa mtu wa tatu bila kuuliza, wala usifute kitu ndani yake. Kwenye kadi hiyohiyo kuna picha za familia, na picha nyingine hazina mfano.

Na kuhusu kupiga muziki: si kila jirani amekuomba umpendekezee. Spika ikifunguliwa mpaka mwisho saa nne ya usiku, hiyo ni vita.

Kuhusu vita, mnakumbuka habari ya Wenge Musica? Bendi iligawanyika mwaka 1997. JB Mpiana akabaki na BCBG, Werrason na wenzake wakaunda Maison Mère. Mashabiki nao wakagawanyika, marafiki wakasusiana. Leo ukisikiliza *Feux de l'Amour* ya JB, ya mwaka 1997, halafu *Solola Bien* ya Maison Mère, ya mwaka 1999, unaona zote mbili ni tamu. Kwa nini uchague moja na kumchukia rafiki? Katika kikundi chetu tunazo zote mbili, na wabishi wawili wanakaa benchi moja.

MUZIKI WA JIRANI

Hapa nataka kusema jambo zito kidogo. Tunaishi watu wa makabila ambayo huko nyumbani wengine walipigana. Muziki unaweza kuponya na unaweza kuchoma. Kuna nyimbo zinapita kwenye simu za vijana ambazo zinatukana kabila fulani kwa jina. Mtu akikutumia wimbo wa namna hiyo, ufike kwako uishie kwako. Usiseme "sielewi maneno, nacheza mdundo tu." Jirani yako anaelewa maneno.

Upande mwingine, kuna albamu za kuleta watu karibu. Emmanuel Jal, aliyekuwa mtoto askari Sudan Kusini, mwaka 2005 alitoa albamu ya *Ceasefire* pamoja na Abdel Gadir Salim, Mwislamu wa upande wa Sudan, mpiga udi. Vita vya nchi yao vya miaka ishirini na zaidi vilikuwa vimesimamishwa mwaka huohuo kwa mapatano. Watu wawili wa pande mbili zilizopigana, katika albamu moja.

Gordon Koang ni Mnuer, alizaliwa haoni. Anapiga thom, chombo cha nyuzi cha kwao. Vita vilipoanza Sudan Kusini Desemba 2013 hakuweza kurudi nyumbani, akaomba hifadhi Australia na kungoja kwa miaka. Mwaka 2020 akatoa albamu inayoitwa *Unity*, maana yake umoja. Rafiki yetu mmoja Msudan alituletea hiyo. Sisi Wakongo hatukuelewa hata neno la Kinuer. Akakaa akatueleza wimbo mmoja mmoja. Ilichukua jioni nzima. Siku ile ndiyo nilimfahamu rafiki yangu, ingawa tulikuwa tumecheza mpira pamoja mwaka mzima.

Na kutoka mbali, Sierra Leone, kuna kundi la Refugee All Stars. Wanamuziki waliokutana katika kambi za Guinea, wakaanza na vyombo vichache, na mwaka 2006 albamu yao *Living Like a Refugee* ikasikika duniani. Vijana wetu wanaopiga adungu kanisani, mnasikia? Hapa kwetu West Nile, huko Bidibidi wilayani Yumbe, kituo cha sanaa chenye jukwaa na studio ya kurekodi kilimalizika mwaka 2023. Siku moja albamu ya kupendekezeana inaweza kuwa ya mtoto wa jirani. Nayo itunzwe na jina lake.

Tusisahau pia kwamba mwimbaji anakula kwa kazi yake. Hali yetu tunaijua, wengi hatuwezi kununua. Lakini siku mtu akipata nafasi ya kununua albamu halali, au kulipa kiingilio bendi ya hapa ikipiga, asione ni hasara. Na kutaja jina la mwimbaji ni malipo ambayo hata asiye na shilingi anaweza kutoa.

DAFTARI LA MUZIKI

Sasa tufanye nini? Sisi tumeanzisha daftari. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa 48. Kila albamu inapata ukurasa mmoja. Juu tunaandika jina la mwimbaji au bendi, jina la albamu, na mwaka. Chini yake nyimbo zote kwa mpangilio. Halafu lugha. Halafu nani aliileta, na yeye aliipata kwa nani. Mwisho mistari mitatu: kwa nini anaipenda. Kama mwaka haujulikani, tunaacha nafasi wazi, mtu mwingine atakuja kujaza. Hatubahatishi.

Kwenye simu nako tunapanga. Fungua folda, ipe jina la mwimbaji, albamu na mwaka. Ndani yake kila wimbo uanze na namba: 01, 02, 03, ili simu isivuruge mpangilio. Mtu asiogope kwamba kadi itajaa. MP3 ya kawaida inachukua karibu MB moja kwa dakika. Albamu ya saa moja ni kama MB 60. Kadi ndogo ya GB 4 inabeba albamu kama hizo zaidi ya sitini. Kama unasikiliza moja kila wiki, hiyo ni zaidi ya mwaka mzima.

Mbona daftari, kama simu ipo? Kwa sababu simu inaibiwa, inaanguka kwenye maji, kadi inakufa. Daftari likibaki, albamu inaweza kutafutwa tena, Arua, Koboko, hata mbali zaidi. Yule kijana wa mama tuliyemtaja angekuwa na ukurasa mmoja tu wa mwandiko wa baba yake, asingehangaika miaka yote ile.

KAZI YA NYUMBANI KWA FAMILIA

Mimi ni mwalimu, siwezi kumaliza bila kazi ya nyumbani. Mwezi huu kila familia ifanye mambo matatu:

Kwanza, mkae jioni moja, muulize mtu mkubwa kuliko wote nyumbani: "Ni albamu gani ulikuwa nayo kabla hatujakimbia?" Kama hakumbuki jina, aimbe. Mtoto anayejua kuandika aandike chochote kinachokumbukwa: bendi, mji, mwaka, alikuwa anaisikiliza na nani. Kama ni nyimbo za dini, vizuri. Kama ni ngoma za kijiji zisizo na albamu, andikeni pia, mtaje kijiji.

Pili, mkipata wimbo bila jina, mpelekeeni jirani, hasa jirani asiye wa kabila lenu. Msione haya. Mwimbieni kwa pua kama yule mama kwa fundi.

Tatu, kila mtoto apeleke albamu moja kwa rafiki mmoja, na jina lake, na sababu moja.

Mkileta karatasi zenu shuleni, zitawekwa pamoja katika daftari moja la jumuiya, na litakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma au kusahihisha. Wazee wanaojua miaka na wapiga magitaa, karibuni sana. Nafasi zilizo wazi ni nyingi, na ninyi ndio mnaoweza kuzijaza.

Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea